Mkwe wa Gerejini

Shuleni nilifundishwa kwamba Wareno walifukuzwa Mombasa, wakaondoka na merikebu zao, wasiache chochote ila ngome moja na majina ya karata. Mwalimu wangu hakutaja kwamba jamaa zao wangenisubiri Missouri City, Texas, na sufuria ya samaki wa chumvi, wanikalishe kitako kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwoa binti yao, nesi mwenzangu, na kumbe ndoa yenyewe ilikuwa sehemu ndogo tu ya makubaliano.

Jumapili hiyo haikuwa na udhuru. Mwezi mmoja tulikutana kwa mama mkwe, dakika kumi kutoka kwetu. Mwezi uliofuata tulikwenda kwa kaka mkubwa wa mke wangu, kule Plano, ambako alikuwa na kazi ya ofisini na nyasi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga. Mwendo wa saa nne na zaidi barabarani, na hakuna aliyethubutu kusema amechoka. Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mwenye viatu vyeusi mwaka mzima, na aliamini kuwa familia isiyokula pamoja ni watu wanaofanana pua tu. Alisimama mlangoni. Kila aliyeingia alimbusu mara mbili, shavu la kulia na la kushoto, na alipotoka alimbusu tena. Chakula hakikupakuliwa mpaka amefikia shavu la mwisho.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Mimi ni Mluhya, na kwetu magharibi ya Kenya mama mkwe si mtu wa kugusa. Humpi mkono, huketi kwenye kiti chake, huli huku anakutazama. Mama yangu, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kumwogopa mkaguzi wa shule hata mmoja, alikuwa akimwona mume wa dada yangu anakuja, anaacha njia na kupita kwenye mahindi. Huko si kuchukiana. Ni heshima, tena ya juu kabisa, na mtu aliyelelewa vizuri hahitaji kuelezwa. Sasa mfikirie mtu huyo aliyelelewa vizuri, ndani ya suti mpya, anafikishwa mbele ya mama wa mchumba wake na kumwona anakuja mikono wazi, midomo tayari. Nilirudi nyuma. Nilikanyaga chungu cha maua, kikavunjika, nikainamisha kichwa kwa adabu zote nilizokuwa nazo. Yule mama akabusu hewa.

"Ana haya," mke wangu aliwaambia. Wote walicheka, nami nikapewa mwaka mmoja wa kuwa na haya.

Mtu ataniuliza kwa nini sikueleza. Nilimweleza mke wangu, akacheka mpaka akakaa chini, akasema mila hiyo nimeitunga ndani ya ndege. Kwa wengine nilikuwa na kiburi tu, nakiri. Niliona si kazi yangu kusimama katikati ya sebule ya Wareno nikitoa somo la heshima. Mwenye macho aone. Mwacha mila ni mtumwa, nilijiambia, nikiwa nimevaa shati lililochaguliwa na Mreno na kuendesha gari lililonunuliwa na Mreno.

Basi nikaanza usanii. Nilijifunza kufika mlangoni nimebeba sufuria ya moto kwa mikono miwili, maana mtu mwenye sufuria ya moto habusiwi. Niliugua mafua mwezi wa Julai, katika joto la Houston linaloyeyusha lami. Nilisema nimetoka wodi ya magonjwa ya kuambukiza, nisije nikamletea mama vijidudu. Mwaka wa pili haya yangu ikaisha muda wake, wakaanza kusema nina maringo. Shemeji yangu wa Plano aligawa karata akanipita. Mara ya kwanza nilidhani amesahau.

Nilikuwa na rafiki Mkenya hukohuko Plano, nikampitia kumweleza shida yangu.

"Buda, hizo ni vitu za ocha, za kijijini," aliniambia. "M-kiss tu u-move on. Nani ataku-report, ancestors?"

Nilimwona mtu aliyepotea kabisa, nikaiacha hata chai yake.

Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliendelea kunipakulia kipande kikubwa. Kisha Jumapili moja, tukirudi nyumbani, mke wangu alizima redio.

"Mama amelia jikoni," alisema. "Ameniuliza amekukosea nini. Anadhani unaona kinyaa kumgusa."

Kinyaa! Mimi ninayeosha wagonjwa kwa mikono hii hii. Nilifungua mdomo nijitetee, lakini hakuwa amemaliza.

"Kama mama yangu hana nafasi kwako, sijui mimi na huyu aliye tumboni tuna nafasi gani. Limalize jambo hili kabla mtoto hajazaliwa."

Nikaahidi. Nilikuwa hodari sana wa kuahidi.

Mtoto akazaliwa na jambo halijamalizwa. Mama yangu alikuja kutoka Kenya kumwona, na unga wa wimbi kati ya nguo zake, na Jumapili ya kwanza ilipofika tukampeleka kwa mama mkwe. Alibusiwa mara mbili, akavumilia kama mtu anayechanjwa. Kisha akaniona napita na sufuria yangu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Baada ya kula, mama mkwe alimshika mkono, akamketisha nyuma ya nyumba, chini ya dirisha nililokuwa nimesimama kando yake, na akamwuliza bila kuzunguka, "Mwanao ananichukia kwa nini?"

"Akuchukie?" mama alishangaa. "Huyu anakuheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi. Mimi hunipita hata salamu hatoi."

Akaanza kufundisha. Mwalimu hastaafu. Alimfundisha sheria zote alizozijua, akaongeza na zile zilizozikwa pamoja na bibi yake: mama mkwe haingii nyumba ya mkwe, hali naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akiuliza maswali. Kisha akalia, safari hii kwa furaha, na wale akina mama wawili wakashikana mikono. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani yamekwisha.

Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mwezi uliofuata, gari letu lilipoingia, mama mkwe aliondoka mlangoni akajifungia jikoni. Alikuwa amewatangazia wote kwamba huyu ndiye mkwe pekee anayemheshimu, wengine wanamrukia tu shingoni. Nilitengewa meza yangu gerejini, kati ya mashine ya kukata nyasi na friji ya bia. Juu yake palikuwa na kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake, kile kinachotolewa Krismasi tu. Sahani yangu aliileta mke wangu, imefunikwa, na kipande changu cha samaki kilikuwa kinono kuliko cha mtu yeyote.

"Karibu, mfalme," alisema, akarudi ndani akicheka.

Plano nako nilitengewa baraza la nyuma. Kwenye picha ya familia mama mkwe alisimama mwisho wa kushoto, mimi mwisho wa kulia, ukoo mzima katikati. Alikuja kumwona mjukuu siku nilizokuwa zamu tu, akiletewa mtoto garini bila kuingia ndani, na kwanza alizunguka mtaa kuhakikisha gari langu halipo. Ukituweka pamoja Waluhya wote wa Texas, hatukuishika mila yetu kama bibi yule wa Kireno. Hata shemeji aliyeninyima karata alianza kutoroka ndani na kuja gerejini, eti kuna utulivu, akaniuliza mtu anajiunga vipi.

Nilikuwa nimeshinda. Nikaula ushindi wangu gerejini miaka mitatu, nikisikia kupitia mlango yale mabusu, kila mtu na mawili yake, hata fundi wa bomba aliyeitwa siku moja kuziba sinki. Niliona wivu. Nasema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Ningeshtaki wapi, na ningesema nini, kwamba naheshimiwa kupita kiasi? Siku moja nilifika mapema makusudi, mikono mitupu, nikaingia kwa mlango wa nyuma nikamkuta anakanda unga. Alipiga kelele, akajifunika uso kwa aproni, akakimbilia chooni. Nikanunua kadi ya simu, nikampigia mama Kenya, nikamsihi amwambie alegeze kidogo.

"Alegeze nini?" mama alisema. "Huyo mama ni mtu wa maana. Ninyi ndio mmeharibika."

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki, ghafla, siku ya Jumatano. Ndege yangu ilikuwa Jumapili asubuhi, nayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wareno wakahamisha siku yao bila kuniuliza. Jumamosi mchana walifika wote nyumbani kwangu, wale wa Plano wakiwa wameamka alfajiri. Wanawake walinibusu, wanaume wakanikumbatia, na shemeji yangu akaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Mama mkwe sikumwona. Nikauliza.

"Yuko nje, garini," mke wangu alisema. "Anasema haingii nyumba ya mkwe. Mama yako alimfundisha hivyo."

Nilitoka. Alikuwa ameketi kiti cha abiria, madirisha yameshushwa, uso umelowa jasho na machozi, mfuko wa mikate mapajani. Aliponiona akageuza uso upande wa pili, kwa adabu. Nikazunguka gari nikaenda upande ule. Akageukia huku. Tungeweza kushinda hivyo mpaka jioni. Nikarudi upande wake, nikafungua mlango, nikapiga magoti kwenye saruji ya moto.

"Mama," nilisema, "aliyekufundisha kunikimbia amekwenda. Mama niliyebaki naye ni wewe."

"Lakini alisema haifai."

"Alisema. Na mimi ndiye mwanawe, na mimi ndiye ninayeomba."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya somo. Akauweka mfuko chini, akafuta midomo kwa kiganja, akanibusu shavu la kulia, haraka, kisha akajirudisha kitini kwa hofu, kana kwamba kuna mtu angemgombeza. Nilibaki palepale nimepiga magoti, nikamgeuzia la kushoto.