Injini Zilipomdanganya Mume Wangu

Mume wangu hakuwahi kuwa na mashine ya kupimia kabureta. Alikuwa na bisibisi moja nyembamba, kitambaa, na masikio. Kibanda chake kiko Yamumbi kando ya barabara, nami nauza unga na sabuni chumba cha pili, tukitenganishwa na ukuta wa mbao. Kwa hivyo mimi sikuolewa na mwanamume peke yake, niliolewa na kelele pia. Misumeno ya kukatia miti, ile watu huita power saw, na mashine za kufyekea nyasi: zote zina injini ndogo zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na kila moja ina wazimu wake.

Nilijifunza bila kufundishwa. Ukifinya mafuta na injini ikaduwaa kabla ya kupanda, petroli ni kidogo. Ikikohoa na kutoa moshi, petroli imezidi. Kati ya skrubu za kabureta zinazopima petroli, ya hatari ni ile ya mbio za juu. Injini ikifinywa mafuta mpaka mwisho bila kukata kitu, inatakiwa iwe na mkwaruzo kidogo, kama mtu mwenye kohozi. Ukiuingiza msumeno kwenye gogo, kohozi linatoka na sauti inanyooka. Lakini ikilia nyembamba na tamu hata kabla ya kugusa mti, inakunywa kidogo mno, na kwa kuwa oili yake hupita na petroli hiyo hiyo, pistoni inakauka na kuungua. Wakataji miti hupenda sana ule mlio mtamu. Walikuwa wakimwambia, "Mzee, ongeza mbio kidogo, ilie!" Naye aliwafukuza.

"Inalia kwa sababu inakufa," aliwaambia.

Wengine walipanda na misumeno yao kutoka bondeni Kerio wakidhani imeharibika, kumbe ni hewa yetu ya huku juu. Hewa huku ni nyepesi, na petroli iliyoitosha injini kule chini inaizidi huku. Mume wangu alifumba macho, akasikiliza, akazungusha skrubu kiasi ambacho hata huwezi kukiona. Mara nyingi niliacha mteja wangu amesimama na mfuko wa sukari ili nimtazame. Nilimpenda sana akiwa hivyo, siwezi kuficha.

Masikio yake yaliondoka polepole, tena kwa ujanja. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kwenda: ndege, mlio wa simu, maneno ya wajukuu. Zile nene zilibaki. Hapo ndipo injini zilipomdanganya. Kile kilio chembamba cha injini inayokauka hakukisikia tena, alisikia mngurumo tu, na mngurumo ulimwambia kohozi bado lipo, petroli bado ni nyingi. Basi akabana skrubu ili kuipunguza. Akabana tena. Mimi upande wangu wa ukuta nilisikia injini ikipiga mayowe, na nilipochungulia kwenye ufa wa mbao nikaona uso wake umetulia kabisa, macho ameyafumba, anaridhika. Nilitamani kulia pale pale mbele ya wateja.

Wateja wake walifurahi. "Leo Mzee umeiamsha!" walisema, wakaenda zao. Kisha wakaanza kurudi. Mmoja alitoka upande wa Plateau na msumeno ambao hata kamba yake haikuvutika.

"Mzee, imeshika. Sijamaliza hata mti wa kwanza."

Mume wangu aliufungua, akaitoa pistoni na kuigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. Upande mmoja ulikuwa umechubuka wote. "Uliweka oili kidogo," alisema. Yule mtu akamwonyesha mkebe wake wa mafuta. Mume wangu akachovya kidole, akakisugua na kidole kingine. Oili ilikuwa ya kutosha.

Tangu siku hiyo nikawa naingia kibandani na kisingizio cha chai. Nilisimama mahali anaponiona. Mlio ukianza kuwa mwembamba, natingisha kichwa, naye analegeza skrubu. Ukikaa sawa, nashusha macho. Hatukupanga hivyo na hatukuzungumza juu yake. Wateja wakaanza utani, "Siku hizi Mama ndiye anapima?" Naye alicheka pamoja nao, ila alianza kucheka wao wakishamaliza.

Sasa mwezi uliopita ililetwa mashine ya nyasi iliyokuwa inaduwaa ikifinywa. Akaiwasha, akaanza kurekebisha. Nikatingisha kichwa. Akalegeza. Nikatingisha tena. Akaizima katikati ya mlio na kuweka bisibisi mezani.

"Mpelekee fundi mwingine huko tauni," alimwambia yule kijana mwenye mashine, kwa upole. "Mimi siku hizi nafuata kichwa cha mke wangu, sifuati injini."

Kijana alibeba mashine yake akaenda.

Mimi niligeuka kumimina chai, maana sikutaka anione. Nikaropoka tu ili kimya kisitumalize, kwamba labda ni vumbi la kiangazi, kwamba mvua ikija masikio yatafunguka. Akanigusa bega.

"Mama watoto, kama unasema kitu, geuka."

"Kwani hujanisikia?"

"Usiponitazama sikusikii. Ni kitambo sasa. Nakusoma mdomo."

Nilibaki na birika mkononi. Nikakumbuka jioni moja, kabla ya Krismasi, nilipokuwa nimesimama kwenye karai la vyombo, nimempa mgongo kwa sababu macho yalikuwa yamelowa. Nilimwambia kwamba namkosa ilhali tunalala nyumba moja. Nilimwambia sijali kama kibanda kitafungwa, mradi asiniache peke yangu mle ndani ya kimya chake. Ni maneno ambayo sikuwahi kumwambia katika ndoa yetu yote, na ilinichukua siku nyingi kuyapata. Hakujibu. Nilimnunia kwa majuma, nikasema moyoni huyu mwanamume ana moyo wa jiwe. Kumbe alikuwa amekaa nyuma yangu anakunywa chai, hajui kama nimefungua mdomo.