Mchanga Unaowasha Kiberiti

Nilikuwa mpakiaji wa magunia ya korosho katika Bandari ya Mtwara nilipopata kiberiti cha petroli kwa mara ya kwanza. Baharia mmoja alinipa, baada ya mimi kumpeleka soko la Chikongola kununua machungwa. Wenzangu wangekitumia kuwashia sigara. Mimi nilikifungua siku hiyo hiyo. Shule niliiachia darasa la tano, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa makalio ya kukaa, na tangu hapo kila kitu kilichonizidi maarifa nilikifungua nikione tumboni.

Ndani mlikuwa na pamba iliyolowa, utambi, springi, na kijiti cha kijivu kama punje ya mchele. Nilipokikwaruza kwa kisu kilitema cheche, moja ikaniunguza kidole. Nilimuuliza fundi saa, nikamuuliza karani wa ghala, nikamuuliza dereva wa lori aliyejigamba kwamba amefika Zambia. Wote walisema ni jiwe la kiberiti. Hilo nililijua. Nililotaka kujua ni jiwe hilo huokotwa wapi, na moto uliingiaje humo.

Ndiyo maana, siku niliposikia sokoni kwamba kuna mtaalamu wa madini anatafuta vibarua wa kwenda kupima mchanga upande wa Msimbati, niliiacha bandari bila kuaga.

Tulipiga kambi karibu na kijiji kimoja cha ujamaa, kati ya Msimbati na mdomo wa Ruvuma. Mtaalamu alilala kwenye hema. Sisi vibarua tuligawiwa nyumba za wanakijiji, nami nikaangukia kwa mjane mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akiishi na binti yake. Binti alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga na hakuwa ameleta habari. Mama yule aliposikia natoka upande wa Masasi, alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Myao?"

"Myao, mama."

"Basi mbuzi wangu mfunge ndani," alimwambia binti yake. "Mgeni wetu ni mwizi."

"Mbuzi wenyewe mmoja, mama mtani, na amekonda kama mwenyewe. Nikimwiba nitapata aibu."

Alicheka mpaka akashika mlango. Wayao na Wamakonde ni watani, na kuanzia siku hiyo sikuwa mpangaji tena. Nilikula naye, nikamtukana, akanitukana.

Kazi yetu ilikuwa kutembea ufukweni tukifuata kamba, na kila baada ya hatua kadhaa kupigilia kigingi kilichopakwa chokaa. Penye kigingi tulichimba, tukaosha mchanga kwenye karai. Ule mweupe ulikuwa mwepesi, ukaondoka na maji. Chini ulibaki mchanga mweusi, mzito kiasi kwamba kiganja kimoja kilikuvuta mkono. Mtaalamu alipitisha sumaku juu yake, ule mweusi ukarukia, zikabaki punje chache zenye rangi ya asali. Kisha alisogeza kisanduku chake cha kupimia mionzi, nacho kikaanza kualika kama bisi kikaangoni.

"Ndugu," aliniambia siku ya tatu, maana nilikuwa nimemchosha kwa maswali, "kile kiberiti chako, unajua jiwe lake linatoka wapi?"

Nilikitoa mfukoni.

Alinionyesha zile punje za asali. Ndani yake, alisema, mna metali iitwayo seriamu. Ikiwa peke yake ni laini, unaikata kwa kisu kama metali ya risasi. Ukiiacha wazi inapoteza mng'ao, na ukiikwaruza vumbi lake linashika moto hewani. Huchanganywa na ndugu zake na chuma ili iwe ngumu, ikatwe vijiti, itiwe kwenye viberiti. Kile kifuko cheupe cha nyuzi kwenye taa ya karabai nacho hutiwa seriamu kidogo ndipo mwanga uwe mweupe. Hata vioo vya miwani hung'arishwa kwa unga wake. Kinachokiliza kisanduku ni metali nyingine iliyojificha kwenye punje zile zile.

"Na imefikaje hapa?"

"Inatoka kwenye miamba ya bara. Mvua inaumenya mwamba, mto unazoa, bahari inachambua. Inaondoa chepesi, inaacha kizito."

"Kwa hiyo ni mali."

"Wazungu wameiweka kwenye kundi la metali adimu," alisema akicheka. "Si adimu hivyo. Iko kila mahali, ila imetawanyika. Ikitawanyika haichimbiki. Tunatafuta mahali ilipojikusanya."

Nilimkumbuka katibu wa kijiji, ambaye jioni moja alitumia karibu maneno hayo hayo kueleza kwa nini watu walitolewa kwenye mashamba yao wakaletwa pamoja. Sikumwambia mtaalamu. Niliokota zile punje, nikazifunga kwenye karatasi.

Jioni ile nilimweleza mama mtani yote. Viberiti vya njiti vilikuwa vimeadimika dukani, na wanawake walikuwa wakiombana kaa la moto kwenye kifuu, nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo niliwasha kiberiti changu mbele yake, nikamwaga zile punje kwenye ungo, nikamwambia moto ule umetoka kwenye mchanga kama huu, nyuma ya nyumba yake. Aliugusa mchanga ule kwa ncha ya kidole.

"Sasa serikali itaufanyaje?"

"Itauchimba, mama."

"Na vile vigingi?" Vitatu vilikuwa vimeingia katika kiwanja alichogawiwa.

Hapa ndipo ninapotaka kurudi na kuuziba mdomo wangu. Nilikuwa nimeshiba, nimelewa maarifa, na mbele yangu alikuwa mtani. Nikasema, "Mama mtani, mwaka huu muhogo wako upande kwenye lori. Ndiyo shamba lako jipya, litakutembeza mpaka Newala."

Binti alicheka. Mama naye alicheka, lakini kidogo, kisha akaingia ndani.

Nilikuwa nimesimuliwa habari zake, nami nilizisikia kama anayesikiliza mvua. Miaka miwili nyuma malori yalikuja kuwahamisha wakati muhogo wake ulikuwa umekomaa ardhini na mikorosho imetoa maua. Alipewa asubuhi moja ya kufunga vitu. Aliporudi kwa miguu kuchimba angalau vikapu viwili, alikuta nguruwe wameshalima shamba zima kwa pua. Alikuwa na maneno yake juu ya siku hiyo: "Nililimia nguruwe, Myao. Sitawalimia tena."

Mvua za kwanza zilinyesha. Kijiji kizima kiliinama mashambani. Chini ya ukuta wa nyumba yetu, miti ya muhogo aliyoihifadhi kwa mbegu ilikuwa bado imefungwa matita. Siku ya kwanza nilidhani anaumwa. Wiki ilipokwisha nikamuuliza.

"Mama mtani, mbegu zinakauka."

"Zikauke. Tutapanda huko tutakakopelekwa."

"Nani kasema mnapelekwa?"

Alinishangaa. "Si wewe?"

"Ule ulikuwa utani!"

"Ndiyo. Kwani mtani kazi yake nini? Mtu akifa, ndugu wanaogopa kusema, mtani ndiye anayeingia akasema. Wewe unakula na yule mwenye kisanduku. Katibu hawezi kuniambia, anaona haya. Umeniambia wewe." Kisha akaongeza kwa upole, kama anayenifariji, "Sikukasirikii, mwanangu. Umenisaidia nisipoteze nguvu."

Jirani mmoja aliyekuwa akipita na jembe alimtania kwamba ameolewa na uvivu uzeeni. Mama alimjibu, "Panda wewe. Nguruwe wana njaa."

Nilikwenda kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, nikamuuliza kama watu watahamishwa. Alisema hajui, sampuli zitapelekwa kupimwa, majibu huchukua miezi. Nikarudi. Ningeweza kumwambia mama, panda, kupanda hakuna hasara mbaya kuliko kutopanda. Jambo hilo hata mtoto angelijua. Lakini nilitaka mgodi ule uwepo. Nilitaka kuiona seriamu ikitoka kwenye mchanga, nione wanavyoitenga na wenzake, nione inavyokatwa vijiti. Moyoni nilikuwa nimeshajiandikisha kazi. Kwa hiyo alipoinua uso kuniuliza mtaalamu amesemaje, nilijibu, "Hajakataa."

Ulikuwa ukweli. Sijawahi kusema uongo mbaya kuliko huo.

Kambi ilivunjwa kabla mvua hazijakolea. Niliagana na mama mtani na binti yake kwa matusi ya kawaida, nikawaachia kiberiti ili wasiombe moto, nikaondoka na lori hadi Lindi, na kutoka Lindi kwenda nisikokumbuka vizuri.

Karibu mwaka ulikwisha. Nilirudi Mtwara kubeba magunia, na siku moja nikamwona mtaalamu mbele ya hoteli ya chai. Nilimkimbilia kama ndugu yangu. Vipi mchanga wetu?

"Ule? Kidogo mno. Umetawanyika," alisema akikoroga chai. "Faili limefungwa zamani."

Kesho yake nilianza safari ya Msimbati.

Nilipita mashamba ya kijiji, muhogo umesimama juu kuliko kichwa changu. Nyuma ya nyumba ya mama mtani palikuwa na nyasi. Kigingi kimoja kilikuwa bado kimesimama, chokaa imetoka. Yeye na binti walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka porini na kikapu cha ming'oko, vile viazi mwitu ambavyo mtu huchimba shimo la kufika kiunoni kupata kimoja. Kiangazi watu wa Mtwara huvila kwa kupenda. Wao walikuwa wakivila kwa sababu hakukuwa na kingine. Mbuzi hakuwepo. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, mdogo kuliko umri wake, analia kwa sauti nyembamba.

"Myao," mama aliita, "umekuja kuiba nini? Umechelewa."

Nilishindwa kumjibu kwa utani. Nilimwambia niliyoyasikia hotelini. Alisikiliza huku akimenya, hakuacha hata mara moja.

"Kwa hiyo hatuendi popote."

"Hamwendi."

"Haya."

Binti aliinuka akaenda kwa jirani na kifuu kuomba moto. Kiberiti changu kilikuwa juu ya dari ya makuti. Mama alikishusha akanipa. Nilizungusha gurudumu, halikutoa kitu. Jiwe lilikuwa limekwisha kabisa.

Ming'oko ilipoiva alinitengea wa kwanza, mkubwa kuliko yote, na chumvi pembeni. Binti hakunitazama. Mgeni hakatai chakula, na mtani ndiyo kabisa, kwa hiyo nilikula, nikijua nakula fungu la nani. Nilipomaliza, mama alinielekeza kwa yule jirani aliyemcheka, nikaombe mbegu.

Nilifyeka nyasi siku tatu, nikalima matuta ardhi ikiwa bado ngumu kama sahani, nikang'oa kile kigingi nikakitia motoni. Mbegu nilizifunga, nikaziegemeza kwenye ukuta ule ule, kivulini, zisubiri mvua.

"Utakaa uzipande?" mama aliuliza.

Nikamwambia nitakaa. Nilikaa mpaka mvua ya kwanza, nikazipanda zote kwa mikono yangu. Wiki iliyofuata lori la Mtwara lilipita, nami nikapanda. Kama zilichipua, sikuziona.