Pedeli ya Baba Mkwe

Mimi, Zenon alinichagua kwa mchana mmoja tu, kisimani, na wiki iliyofuata mshenga wake akabisha hodi kwetu. Pedeli ya ngoma kubwa ilimchukua masika yote. Sisemi kwa wivu. Nasema ili ujue mume wangu alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa mpiga dramu wa Lyamba Jazz, bendi yetu ya pale mjini Mazwi. Kwa kazi nyingine yoyote hakufaa. Akilima, matuta yanakwenda upande kama mlevi anayerudi kwake. Akichunga, ng'ombe wanarudi nyumbani wenyewe, yeye wanamwacha huko anapigapiga vidole juu ya kibuyu. Lakini mweke nyuma ya dramu, anakuwa mtu kamili. Nilimpenda hivyo hivyo, na sioni haya kusema.

Pedeli ni kile chuma kinacholala chini ya mguu wa mpiga dramu. Anakanyaga, nyundo inagonga ngoma kubwa, na watu wanajua wapi pa kuweka miguu. Ya bendi ilivunjika mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Fundi aliichomelea mara nyingi, mwisho akasema sasa anachomelea kazi yake mwenyewe, chuma cha mwanzo kilishakwisha. Kununua mpya, wapi? Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Basi Abdala, kiongozi wa bendi, mtu mpole wa maneno na mkali wa maamuzi, akamwambia Zenon kwamba ngoma kubwa isiposikika siku ya Sabasaba, mbele ya wakubwa wa mkoa, kwenye dramu atakaa Mwinjuma, mpiga manyanga. Yeye Zenon arudi kijijini kwao akalime mahindi na ndugu zake. Zenon, kulima! Nikaona njaa inapiga hodi.

Katika Ufipa nzima tulizijua pedeli mbili.

Moja ilikuwa dukani kwa Mzee Muhidin, kati ya mafuta ya taa na chumvi. Ilitoka Mbala, ng'ambo ya mpaka, ya zamani lakini imesuguliwa mpaka inang'aa. Zenon akawa anakwenda kuijaribu kutwa kucha. Anaamkia shikamoo, anaiweka sakafuni, anaigandamiza kwa kiganja, anainamisha sikio kwenye springi, kisha anavua kiatu na kuikanyaga, nyundo ikipiga gunia la chumvi. Springi ilikuwa ngumu na bawaba yake inalia. Kesho yake anarudi kuangalia kama imebadilika. Mzee Muhidin subira yake ilijulikana mji mzima, lakini hata yeye mwisho aliniita akaniomba nimpeleke mume wangu kanisani akakanyage huko, kwa sababu chumvi yake ya mawe imeshakuwa unga.

Ya pili ilikuwa Kaengesa, kwa mama yangu. Marehemu baba yangu, Leonardi, alipiga ngoma katika bendi ya misheni, na bendi ilipokufa bruda mmoja akamwachia pedeli. Chuma cheusi, kizito, chenye mkanda wa ngozi. Baba alipofariki, mama aliifunga kwenye kitenge akaiweka chini ya kitanda, na akawa anaitoa kila mara kuipaka ngozi ile samli isikauke. Ngozi hiyo imekula samli kuliko sisi watoto.

Zenon aliijua. Alipokuwa kijana tu anayekuja kusikiliza bendi, baba alimruhusu kuikanyaga siku moja, na Zenon aliniambia mguu wake haujasahau. Kisha akanioa mimi, na kunioa ndiko kulikomkosesha. Katika ukoo wetu mkwe hakalii kigoda cha baba mkwe, wala haruki mpini wa jembe lake. Mama mkwe hamtazami usoni wala hamsemeshi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Sasa mtu asiyethubutu kuruka mpini wa jembe, ataikanyaga pedeli?

Nilimwambia baba alishakufa. Akasema hapo ndipo ubaya ulipo, maana aliye hai unaweza kumwomba radhi.

Maji yaliponifika shingoni nikamfunga mwanetu Bertilla mgongoni, nikapanda lori la Mzee Muhidin hadi Kaengesa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hana choyo, na baba angefurahi, ila sheria hakuitunga yeye. Mkwe wake hawezi kumwomba, na yeye hawezi kumpelekea mkwe kitu cha marehemu akikanyage. Akanipa unga wa ulezi. Nikarudi mjini na unga.

Basi Zenon akachukua ile ya Mzee Muhidin. Siku ya mazoezi kila alipokanyaga, bawaba ilitangulia kulia, na ngoma ikaja nyuma kama mtu aliyechelewa msibani. Abdala alisimamisha wimbo akauliza kwa upole kama kuna mbuzi ndani ya ukumbi. Wenzake walicheka. Mwinjuma hakucheka, alikuwa anatazama kiti cha dramu. Usiku huo Zenon hakula. Alikaa mikono ikiwa imetulia mapajani, na tangu nimjue sijawahi kuiona ikitulia. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Sabasaba ikafika, na baridi yake ya Julai na upepo wa vumbi. Jukwaa lilikuwa lori la Mzee Muhidin lililoshushwa mbao za ubavuni. Wakubwa walikuwa wameshakaa, Abdala anasawazisha gitaa, nami nimesimama karibu, Bertilla mgongoni. Hapo nikamwona mama anakuja, anapasua watu, ana furushi la kitenge kwapani.

Zenon alimwona pia. Aliruka chini upande wa pili akajificha nyuma ya lori. Abdala akauliza mpiga dramu anakwenda wapi. Nikamjibu mama mkwe wake amekuja. Abdala naye alikuwa na mama mkwe huko Mtowisa, hakuuliza tena.

Mama alipiga goti, akapiga makofi taratibu kuwasalimu wanabendi, akasaidiwa kupanda. Aliing'oa ile pedeli inayong'aa, akaiweka ya baba mahali pake, akakaza skrubu. Kisha akaninyooshea mikono akasema nimpe mtoto.

Bertilla ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Mama alimshika kwapani, akamsimamisha juu ya pedeli ya babu yake. Mtoto akaona kitu kinabonyea, akafurahi, akakanyaga. Ngoma ikasema *du*. Akakanyaga tena. Uwanja ukacheka, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mjukuu humkanyaga babu yake anavyotaka. Humvuta ndevu, humkalia tumboni, na akiwa wa kike humwita "mume wangu". Utani huo ni wa tangu na tangu, na hata kifo hakiuvunji.

Mama alisema kwa sauti, akizungumza na ngoma, si na mtu:

"Leonardi, mke wako mdogo amekukanyaga. Kitu hiki sasa ni chake. Na mtoto huyu ana baba. Baba akiazima kitu cha mwanawe, amemkosea nani?"

Nyuma ya lori mtu alikohoa.

Mimi nilitaka kucheka na kumpiga mtu kwa wakati mmoja. Masika yote tumekonda kwa mawazo, na jibu nalibeba mgongoni, nalinyonyesha, nalifulia nepi.

Mama alishuka, akaja kusimama kando yangu, akalipa lori mgongo. Ndipo Zenon akapanda. Alivua kiatu, akaweka mguu, akausikiliza kidogo. Abdala akahesabu.

Ngoma kubwa ilitoka pale ikavuka uwanja, nzito, safi, haikuchelewa wala kutangulia. Vumbi likatimka kwa wachezaji. Mwinjuma akayatikisa manyanga yake kama kawaida, na Abdala hakumtazama tena. Mimi nilikuwa nalia. Mlio ule niliulalia utotoni kila jioni ya mazoezi, na nilidhani umezikwa.

Mama alikuwa anacheza polepole, uso kwa watu, mgongo kwa mkwe wake, kama inavyotakiwa. Macho ameyafumba.

"Luciana," aliniuliza bila kugeuka, "huyo anayepiga ni nani?"

"Ni mkwe wako, mama."

Miguu yake haikusimama.

"Mwambie asimalize upesi."