Wembe wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Mamosala, ndiye aliyenyoa kijiji chetu chote. Kwetu Mafeteng, mtu akizikwa, ndugu zake hukaa chini wakanyolewa upara, na aliyeshika wembe alikuwa yeye. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mchafu. "Tulia wewe, kichwa kama kiazi!" alimwambia hata chifu, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Mumewe alipokufa mwaka jana alitunyoa sote, kisha akajinyoa mwenyewe bila kioo.

Mwaka haujaisha, binti yangu Limpho, wa miaka mitano, akaanza kutokwa damu puani na kuchoka ovyo. Tukavuka mpaka hadi hospitali ya Bloemfontein. Daktari aliposema ni saratani ya damu, niligeuka kutazama kama kuna mzee amekaa nyuma yangu, maana nilidhani ni ugonjwa wa wazee. Hapakuwa na mtu. Nikamwomba arudie, naye akarudia jina lile lile la mwanangu.

Dawa zilipoingia mwilini, nywele zikanyonyoka. Walikuwa wamenionya, lakini asubuhi nilipoona mto umejaa nywele nilipiga yowe wodi nzima ikaamka. Limpho akajipapasa kichwa. Akatazama vitanda vya wenzake, upara mtupu.

"Mama, hawa wote wamefiwa?"

Nikaugeuza mto, nywele zisionekane.

"Na sisi tumefiwa na nani?"

"Hatujafiwa, mwanangu. Ni dawa tu."

Hakuniamini. Baba yake, Molefi, yuko machimboni Welkom, na alikuwa hajaonekana siku nyingi. "Ni baba," akasema. "Mnanificha." Tokea hapo akafunga mdomo. Uji hataki, vidonge anatema. Daktari alisema wazi kwamba akiviacha, ugonjwa utarudi kwa kasi. Tulibembeleza, tukatisha, muuguzi akaimba mpaka sauti ikakauka. Wapi!

Nikampigia simu Molefi. Akaja moja kwa moja kutoka zamu, vumbi bado masikioni. Mama mkwe naye akafika na basi la kutoka nyumbani, blanketi begani. Limpho akamvua baba yake kofia, akamvuta nywele kwa nguvu zote. Nikashusha pumzi, nikaanza kumimina uji.

"Basi ni mimi," Limpho akasema.

"Wewe nini?" Molefi akauliza.

"Nyote mpo. Aliyekufa ni mimi."

Kikombe kilinitoka mkononi. Molefi, mwanamume anayeshuka chini ya ardhi kila siku, alikaa sakafuni kwenye uji. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekasirika.

"We mtoto! Babu yako alipokufa, nilimnyoa nani?"

"Mimi. Na baba. Na mama."

"Na babu je?"

Limpho akafikiri. "Babu hukumnyoa, Nkhono," akamjibu bibi yake.

"Kazikwa na nywele zake na ndevu zake mbaya! Tangu ujana wangu nanyoa, sijanyoa maiti hata mmoja. Nanyoa waliobaki. Sasa wewe, kichwa kama yai, umekufa au umebaki?"

Mtoto akajipapasa upara.

"Nimebaki."

"Basi meza, kabla sijakutukana."

Akameza. Akataka na uji.

Mama mkwe akasema anakwenda kutafuta maji. Alipokawia nikamfuata, nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta, mikono inamtetemeka hata bilauri haishikiki. Mikono ile ile aliyojinyolea bila kioo.

"Sikuwa na jibu, Mama Limpho," akaninong'oneza. "Nilianza tu kusema. Angeniuliza swali moja zaidi, ningelia mbele yake."

Nikamshikia bilauri akanywa.

"Ule wembe siushiki tena," akasema. "Siku wakiniita kunyoa nyumbani kwako, je?"

Hajaushika tena mpaka leo, na kijiji kizima kinalalamika.