Uji Ndani ya Injini

Kizibo kilichokuwa kikivuja ni kisahani cha chuma, upana wake kama mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, kimejificha ubavuni mwa injini nyuma ya bomba la moshi. Pikapu ya marehemu baba ina vizibo vinne vya namna hiyo, vinavyofunga njia za maji. Kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu. Maji yalidondoka uani kwetu Mapera, na mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa anakuja Jumatatu.

Kikao cha ukoo kiliamua gari liuzwe tulipomaliza mwaka wa msiba. Mama hakubisha. Alisema tu kwamba baba alimchukua kwao Mbamba Bay, ziwani, kwa gari hilo, angependa limpeleke huko kusalimia kabla halijakatwa.

Baba mdogo akafikiri. "Likishuka Mbamba Bay likapanda tena milima hii bila kuchemsha, mtabaki nalo. Likichemsha, basi."

Ilikuwa Jumatano. Nilikwenda Mbinga mjini kununua kizibo kipya, na fundi akanionya: "Dada, kile cha zamani usikivute. Kipige ukingo mmoja, kigeuke ubavu, ndipo ukishike kwa koleo."

Alasiri nikafungua bomba la moshi, nikaweka tindo ukingoni, nikapiga. Kizibo kikageuka kama samaki anayejilaza. Nilitarajia maji yenye kutu. Kilichotoka ni tope zito la kahawia, lililoshikana, nikalinusa kidoleni.

Mama aliacha kupepeta maharage akaja kuchungulia. "Huo ni ulezi wangu," akasema.

Kwetu rejeta ikivuja, dawa yake ni kumimina humo konzi ya unga wa ulezi. Moto unaupika, uji unaziba ufa, nawe unafika nyumbani. Baba alifanya hivyo miaka yote, na mimi nilikuwa namletea bakuli mbio, nikijiona tabibu. Hakuna aliyejiuliza uji huenda wapi baada ya kuziba ufa. Ulikuwa umeganda humu, tabaka juu ya tabaka, maji yasipate pa kupita.

Baba mdogo alikuja jioni. "Ziba tu, mwanangu. Limeishi hivyo."

"Ndiyo maana linachemsha, baba mdogo."

"Kwa hiyo marehemu hakujua gari lake?"

"Alijua kufika nyumbani."

Akaguna, akakaa juu ya gogo kunitazama. "Haya, kula basi. Uji huo umeiva."

Alhamisi nzima nilichokoa kwa spoku ya baiskeli niliyoikunja ncha. Mkono haukuenea vizuri. Vifundo vilichubuka, nikavifunga kitambaa nikaendelea. Nilimimina ndoo ya maji, nikachokoa, nikamimina nyingine. Yalitoka kahawia, yakatoka kama chai. Ijumaa mchana yakatoka meupe, nikamimina ndoo mbili zaidi kwa sababu sikuyaamini.

Kisha nikasugua tundu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka gundi, nikapachika kizibo kipya na kukigonga kupitia soketi ya spana. Pigo la kwanza likakipeleka upande. Sikuwa na kingine. Nikashusha nyundo, nikapapasa ukingo wake, nikagonga upande uliobaki nje, polepole kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kikanyooka. Kikazama sawasawa.

Jumamosi tulishuka. Mama alikaa katikati, shingo mbele, hadi ziwa lilipoonekana chini, la buluu, kubwa kuliko alivyowahi kutusimulia. Alilala kwa dada yake, wakacheka usiku kucha kwa Kinyasa.

Jumapili tukapanda. Baba mdogo aliweka pakiti ya unga wa ulezi magotini, akaikumbatia kila kona. Mshale wa joto ulifika katikati ukasimama. Nilimsikia akihesabu vilima kwa kunong'ona, kisha akaacha.

Uani alishuka kabla sijazima injini. Akasubiri ipoe, akapitisha kidole chini ya kizibo, akakitazama. Kikavu. Akatoa simu, akamwambia mnunuzi kwamba kesho asijisumbue.

Kisha akainama tena. "Hivi vitatu vingine," akauliza, "umri wake si uleule?"

Nikavua sweta, nikaenda kuchukua tindo.