Vitambaa Vyekundu vya Njia Panda

Mtaa mzima unamwita Fundi, na si kwa kumpamba. Sare za shule ya pale uwanjani zote zimepita mkononi mwake, na mtoto akichana kaptula katikati ya muhula, mama yake anajua pa kukimbilia. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, meza ya kukatia, na cherehani ya kukanyaga ambayo rangi imeshatoka pale anapolaza mkono. Kwa miaka ishirini aliiinamia cherehani hiyo mpaka mgongo ukamgomea. Daktari akamwambia atembee kila siku.

Akatembea. Lakini Fundi hana subira hata ya kungoja chai ipoe, na kutembea kulimtia kichaa, basi akaanza kukimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu, sketi juu ya suruali, huyooo anakata mtaa kuelekea msituni! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine waliuliza kaibiwa nini, wengine wakauliza kaiba nini.

Nyuma ya mtaa wao ndipo vilima vinapoanza kupanda kuelekea mlimani, na vilima vyote ni msitu: kwanza misonobari, halafu miti ya asili iliyosongamana mpaka jua linaingia kwa vipande. Humo vijia vya wakata kuni na vya wanyama vinakatana ovyo. Wiki ya kwanza Fundi alipotea mara mbili. Mara ya tatu aliingia na mfuko wa mabaki ya kitambaa chekundu cha sare, na kila penye njia panda akafunga kipande upande wa kukunja. Kwenda kulia, kitambaa kulia. Kwenda kushoto, kitambaa kushoto. Sheria yake ndiyo hiyo tu, haina ziada.

Watu wakaanza kuvifuata vitambaa vyake. Waliocheka ndio walikuwa wa kwanza, na Fundi hajawaacha wasahau. Leo kila mwaka kuna mbio, kilomita kumi na nane, kutoka uwanja wa shule chini hadi kituo cha misitu juu, na watu hufika mia mbili. Mwenyekiti wa mbio ni nesi wa zahanati, wote wanamwita Sista, na Sista hataki mtu mwingine aguse alama. Mwaka huu ni wa kumi na moja Fundi anazifunga.

Sasa kuna jambo ambalo Fundi halisemi. Mama yake mzazi aliugua ugonjwa wa kusahau. Ulianza kwa utani utani, chumvi kwenye chai, kiatu ndani ya sufuria. Kisha siku moja bibi wa watu akaenda bombani, hatua hamsini kutoka mlangoni, akaja kukutwa sokoni na ndoo tupu, anauliza kwao ni wapi. Walimzika miaka sita iliyopita. Tangu hapo Fundi akisahau tu alipoweka mkasi, moyo unampiga paa.

Haya. Ijumaa alikwenda kufunga alama kama ilivyo ada. Mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, alikuwa anampelekea mlinzi wa kituo cha juu tairi mbili, akamwambia panda pikipiki nikufikishe, uyaokoe magoti. Akapanda. Kutoka juu akashuka nayo njia nzima kwa miguu, njia panda kumi na nne, akiiwaza kila moja kama mkimbiaji atakavyoikuta: hapa kulia, hapa kulia, hapa kushoto. Akarudi nyumbani anaimba.

Jumamosi ya kabla ya mbio huwa hatoki. Hushinda anashona namba za kifuani. Lakini safari hii saa tatu asubuhi alikuwa amemaliza, miguu inamwasha, akasema ngoja nikaguse njia kidogo kutoka uwanjani. Akafika njia panda ya kwanza, wanapoita Kibao Kilichooza. Njia ya mbio inakwenda kulia. Kitambaa kinaning'inia kushoto.

"Ala!" akasema, akacheka peke yake. Akakifungua, akakihamishia kulia, akaendelea. Njia panda ya pili, tena kushoto. Hapo hakucheka. Akakihamisha huku anageuka nyuma kama aliyesikia kikohozi.

Ya tatu ni Kwa Mzinga, penye mzinga mkuukuu wa nyuki. Hapo hapana mchezo. Kulia ni njia, kushoto ni kijia kinachoteremka hatua thelathini na kukomea ukingoni mwa korongo. Na kitambaa, jamani, kilikuwa kushoto.

Fundi alisimama akakitazama, kichwa kinamzunguka. Jana hapa alisema kulia. Alisema kwa sauti! Akanyoosha mkono wa kulia, akafunga, na tawi likamchapa shavuni, hata mchubuko bado anao. Labda watoto wamevichezea? Akakisogelea. Fundo lilikuwa lake mwenyewe, lile la kuzungusha mara mbili na kupenyeza chini, alilofundishwa na mama yake. Hakuna mwingine mtaani anayelifunga. Kwa hiyo ni yeye. Lakini anakumbuka kulia! Lakini kitambaa kiko kushoto! Asijue ashike lipi, aache lipi.

Akakaa kwenye mzizi. Ndivyo ilivyoanza kwa mama, akawaza. Mama naye alikuwa anaapa kwamba chumvi ni sukari. Aende kwa Sista? Kwenda kwa Sista ni kusema kwa mdomo wake kwamba kichwa kimeondoka, na kesho kutwa nani atamletea hata kitambaa cha kukata? Akinyamaza, kesho watu mia mbili watashuka mbio kuelekea korongoni. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akapiga moyo konde. Potelea mbali, atakwenda kwa Sista.

Ndipo aliposikia vishindo na mtu anahema. Akatokea mumewe, anapanda kutoka chini, viatu vya kazini vimejaa matope na grisi. Huyu ndiye bwana anayesema kila siku kwamba msitu ni wa nyani na aliyetaka kukimbia angezaliwa swala! Na kwenye mfuko wa shati lake vimechungulia vipande vya kitambaa chekundu.

Fundi aliruka akasimama. "Kumbe ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye unayehamisha alama zangu! Nimekukosea nini, Baba Pacha? Unataka nionekane mwendawazimu?"

"Tulia, Mama Pacha. Alama gani zimehama?"

Akamwaga yote, kitambaa cha kwanza, cha pili, cha korongoni, mama yake, Sista, maneno yanapandana na kilio. Mumewe alimsikiliza huku anakuna kichwa. Kisha akatazama mti, akatazama juu, akatazama chini.

"Jana ulitokea wapi?"

"Unaniuliza wewe, na ndiye uliyenibeba!"

"Ulikuwa unashuka. Hebu simama kama jana, utazame kule chini. Eeh. Sasa kulia kwako kuko wapi?"

Fundi akageuka, akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vikaelekea kwenye kijia cha korongoni. Akaushusha, akaunyoosha tena, kama anayepima kitambaa. Ulielekea kule kule.

"Yesu na Maria!" alisema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa tena kwenye mzizi. Miaka yote anapanda, mwaka mmoja ameshuka, na mkono haukupewa taarifa! Alijisikia mwepesi, angeweza kukimbia mpaka juu na kurudi. Akakifungua kitambaa na kukifunga kulia, akakivuta mara mbili kuhakikisha.

"Wazimu wangu umepona," alisema. "Na wewe je? Umefuata nini huku?"

Mumewe akajishughulisha na tope la kiatu.

"Baba Pacha. Nakuuliza wewe."

"Mimi hupita huku kila mwaka, Jumamosi kama hii, na vipande vya akiba. Wewe ukiwa kwenye namba."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike mama."

"Miaka sita!" Fundi alipandwa na hasira. "Miaka sita unanifuata nyuma kama mwizi!"

"Si kama mwizi. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Unachoogopa wewe."

Hasira ikamwishia pale pale, akabaki hajui aweke wapi mikono. Alitaka kumgombeza, alitaka kumkumbatia, na kubwa kuliko yote alitaka asiulize swali lililokuwa limeshamfika mdomoni. Akaliuliza.

"Umekuta ngapi?"

"Vingine ni upepo tu..."

"Upepo haufungi fundo langu. Umekuta ngapi?"

"Miaka minne ya kwanza, hakuna hata kimoja. Mwaka juzi, kimoja."

"Na mwaka jana?"

"Vitatu."

"Mwaka jana nilitokea chini."

"Ulitokea chini, Mama Pacha."

Walikaa pale wote wawili kwenye mzizi mmoja, mkono wa mume umeshika mkono wa mke, na grisi ikahamia kwake. Vitambaa kumi na kimoja vilikuwa bado vinawapotosha watu huko mbele. Fundi ndiye aliyeinuka kwanza.

"Tangulia wewe," alisema. "Ukifika njia panda, fungua kilichopo, ukifiche mkononi. Usinionyeshe. Niulize."

Akatangulia. Njia panda ya nne akafungua, akaficha. "Hapa?"

"Kushoto," Fundi alisema kabla hajamaliza kuuliza. Akafunga kushoto, ikawa sawa, wote wakavuta pumzi.

Walipofika ya tano ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Vijia viwili, vyote vya majani makavu, vyote vinapanda, mahali alipopita Fundi mara mia na zaidi. Mumewe akafungua kitambaa, akakikunja kiganjani.

"Na hapa, Mama Pacha?"

Fundi akatazama kijia kimoja, akatazama cha pili, akarudi kwenye cha kwanza. Mumewe aliinamisha macho kwenye viatu vyake, yasije yakatoa jibu, akangoja.