Wanafunga Kula kwa Ugonjwa Nisio Nao

Admin, ficha jina langu. Mweiga ni ndogo na nusu ya wamama wa kanisa letu wako kwenye hii page.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina msichana wa miaka miwili na nusu, na nashona yunifomu za shule. Kabla ya harusi niliwekewa silikoni kwenye matiti huko Nairobi. Aliyetaka ni mume wangu, lakini sitajifanya mtakatifu, hata mimi nilizitaka. Nilikuwa na kifua cha mvulana. Siku gauni la harusi lilipokaa vizuri bila kujazwa vitambaa, nilifurahi sana. Tulikubaliana iwe siri yetu wawili.

Nilipojifungua, mama mkwe alitoka Tetu kuja kunihudumia, amebeba njahi, yale maharagwe meusi, na chupa ya uji, vile mama yeyote aliyejifungua huku hulishwa ili maziwa yaje. Mtoto alikuwa amepewa jina lake, maana msichana wa kwanza ni wa mama ya bwana, kwa hivyo alikuja na furaha ya mtu aliyezaliwa upya. Siku ya tatu matiti yalijaa yakawa mawe. Akachovya kitambaa kwenye maji moto akaanza kunikanda pole pole, kisha mkono wake ukasimama.

"Mwari wakwa," akaniita, yaani binti yangu, "hii kitu iko huku ndani ni nini?"

Nikasema ni maziwa. Akakanda upande wa pili, akakuta nyingine. Akaketi kitandani akaanza kulia.

"Dada yangu alianza tu hivi. Ati ni maziwa, ati ni maziwa, mpaka tukamzika."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akanitikisia kichwa. Halafu akamwambia, "Mum, usijali, daktari anajua, tunafuatilia." Uongo ulimtoka laini kabisa, na mimi nikaufunika kwa kunyamaza. Hapo nilikosea na simlaumu mtu mwingine.

Jumamosi wamama wa kanisa walikuja kuona mtoto, na kuni na ndizi na sukari kama kawaida, ila nyimbo hazikuimbwa, maana mama mkwe alikuwa amewaeleza. Waliniwekea mikono, wakalia, wakakubaliana kufunga kila Ijumaa kwa ajili yangu. Msimu huo walipalilia viazi vyangu ili nisichoke. Wakarudi msimu uliofuata, na ule mwingine. Mimi nakaa kwenye kiti nanyonyesha, natazama wanawake wenye umri wa mama yangu wameinama shambani kwangu kwa sababu ya vifuko viwili vya silikoni. Wakimaliza, nawapikia chai.

Sasa mtoto ameacha kunyonya na kifua kimeharibika. Silikoni zimebaki juu, nyama yangu imeteleza na kuning'inia chini yake. Nikivua nguo, mume wangu anashika simu. Mwezi uliopita alisema, bila hata kuinua macho, "Hii si ile kitu nililipia." Nilibeba maji ya kuoga nikajifungia bafuni, nikalia mpaka yakapoa.

Nilienda kwa daktari Nairobi, mwanamke mpole. Alinieleza kwamba anaweza kuinua matiti na kubadilisha silikoni kwa mara moja, aweke ndogo, au azitoe kabisa na kuinua yaliyobaki. Makovu yatakuwepo. Akauliza kama nataka mtoto mwingine, kwa sababu mimba inaweza kuyashusha tena, na ni heri kungoja. Akasema, "Hii si ugonjwa, mama. Hakuna mtu anakukimbiza." Nilitoka pale nikitaka zitolewe, niinuliwe, nirudi kuwa mdogo nilivyokuwa. Huo upasuaji nautaka kwa moyo wangu wote, wala sioni haya kusema.

Mume wangu anataka niwekewe kubwa zaidi. Tena ana mpango. Bila kuniuliza alimpigia mama yake akamwambia naenda kutolewa uvimbe. Aliponieleza alikuwa anacheka.

"Si unaona vile imejipanga? Unatengenezwa, unarudi, unasimama kanisani unatoa ushuhuda ati Mungu amekuponya. Kila mtu anafurahi."

Kumbe mama yake aliposikia upasuaji aliongeza siku za kufunga, zikawa tatu kwa wiki. Na ana ugonjwa wa sukari. Ijumaa iliyopita alianguka jikoni kwake Tetu, jirani akamkuta sakafuni. Nilienda kumwona hospitalini, yuko na dripu mkononi, amekuwa mdogo kama mtoto. Nilikuwa nimeamua kusema yote.

"Cucu," nikamwita nyanya, vile mtoto humwita, "tafadhali kula. Mimi siko mgonjwa vile unafikiria."

Akanishika mkono, akasema nisimdanganye ndio ale. "Mimi niko na mtu amebeba jina yangu. Nikienda, bado niko. Wewe ukienda, nani atalea huyo mtoto?"

Nilimfunika blanketi nikarudi nyumbani. Mume wangu anasema nikimwambia ukweli mshtuko utamuua, na nikimwaibisha yeye mbele ya kanisa nitafute pa kwenda. Kuhusu mshtuko sijui, pengine ni kweli. Kuhusu aibu, namjua, hicho ndicho kitu pekee anachoogopa. Namchukia kwa hilo, halafu nakumbuka hata mimi nimenyamaza miaka miwili na nusu.

Wenye kutaka kunitukana, nitukaneni, nimezoea. Lakini mwenye busara anishauri. Nimwambie mama wa watu ukweli, na nianzie wapi? Au niende nipasuliwe, nirudi nidanganye kwamba nimepona, ili aanze kula? Ametoka hospitali jana. Leo ni Jumatano. Keshokutwa nitampelekea chakula, naye atakifunika na sahani, aniambie nipone kwanza.